Sufuria la Mama Kwenye Kilima cha Mvinyo

Mvinyo mwekundu unanuka. Naanza hapo ili tusidanganyane. Nimesikia watu wakiusifu kwa maneno ya kusifia bibi harusi, eti una matunda, eti una jua ndani yake. Mimi niliinamia mapipa yake kwa pua yangu hii, miaka ya mwanzo ya uhuru wa Madagaska, juu ya kilima kimoja cha kisiwa cha Nosy Be, na nilichonusa ni ukwaju uliochacha ndani ya kopo lenye kutu. Sikuonja. Hilo naliapia. Lakini kutoonja kwangu hakukunisaidia kitu, kama mtakavyosikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, sijaolewa, naishi na mama yangu mtaa wa Ampisikina, mjini Mahajanga. Asili yetu Ngazija. Nyumbani tulisema Kingazija kilichochanganyika na Kimalagasi, na kwa wazungu tulisema Kifaransa cha jikoni. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, nilipoolewa Unguja, kwa hiyo maneno ya watu humu nimeyageuza mwenyewe. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alikuwa mpishi wa karamu za mtaa: harusi, hitima, na kubwa kuliko zote, Maulidi.

Upishi ule haukuwa cheo cha kuomba. Ulifuata sufuria. Tulikuwa na sufuria moja la shaba, kubwa, mtoto wa miaka kumi akijikunja anaenea ndani, na ndani yake limetiwa kalai, lile bati jeupe linaloizuia shaba isiguse chakula. Bibi alikuja nalo kutoka Ngazija, likapita kwa mama. Mwenye sufuria ndiye mpishi, na sharti la sufuria lilikuwa moja tu: halijaingiwa na haramu tangu lilipofuliwa. Wanawake wa mtaa hawakumuuliza mama bizari anatia kiasi gani wala mchele kauchambua vipi. Walimuuliza neno moja, kila mwaka, siku moja kabla ya Maulidi, uani kwetu, wote wakiwa wamesimama: "Sufuria li vilevile?" Na mama hujibu, "Li vilevile." Baada ya hapo ndipo kuni zinapangwa.

Nilikuwa nimechoka kukata vitunguu chini ya jina la mama. Nasema kweli, sina haja ya kujipamba uzeeni. Nilitaka siku moja mtu ale pilau aseme, hii kaipika fulani, wala asimtaje mama yake.

Sasa kulikuwa na mzungu mmoja mwenye shamba la langilangi, yale maua ya uturi, kule Nosy Be. Alikuja Mahajanga kwa shughuli zake za bandarini, akaalikwa harusini na mfanyabiashara aliyemjua, akala pilau ya mama mpaka akalegeza mkanda. Miezi michache baadaye akaleta ujumbe: ana wageni wakubwa, watu wa serikali mpya, anataka pilau ile ile. Mama akakataa kupanda meli kwenda kumpikia mtu ambaye hajui jikoni kwake kukoje. Mimi nikasema nitakwenda.

Nilionana naye kwa wakala wake, karibu na forodha. Ndipo aliponieleza kwamba langilangi ni ya mkate wake, lakini roho yake iko kilimani. Kilimani amepanda mizabibu. Ametengeneza mvinyo mwekundu, wa aina tatu, na wageni wanakuja kuuonja pamoja na vyakula, kila mvinyo na chakula chake, ili wakiridhika wampe ruhusa ya kuuza mahotelini. Nilimsikiliza hadi mwisho. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama: ni yule mzungu wa langilangi, ana wageni arobaini wa serikali. Sikusema uongo. Niliikata habari katikati nikampa nusu nzuri.

Mama alifikiri siku mbili. Pilau ya watu arobaini kwenye masufuria ya kuazima itaungua, na ikiungua aibu ni yake. Akalitoa sufuria, akalifunga kwa kanga mbili na kamba ya katani, akaniambia, "Lirudi kama linavyokwenda." Nikasema, "Inshallah, mama." Sikuona haya hata kidogo.

Meli ya pwani ilinitesa siku mbili, nikatapika mpaka nyongo. Nosy Be ikanipokea kwa harufu. Asiyewahi kukaa jirani na mtambo wa kuchemshia langilangi hawezi kunielewa. Ua moja sikioni ni zuri, hakuna anayekataa. Lakini magunia kwa magunia ya maua yanayochemshwa mchana kutwa, harufu inakuingia kwenye meno, inaingia kwenye maji ya kunywa, unakula wali kama umefunikwa uso na nywele za bibi harusi. Nilipanda kilimani kwenye gari la mizigo, nimelikumbatia sufuria, nikijiambia huko juu kuna upepo.

Mandhari yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Chini, maziwa ya volkano yametulia, ya kijani. Mbele, bahari na visiwa vidogo. Barazani mzungu alikuwa ameweka viti vya henzirani vikitazama yote hayo, na nyuma ya baraza, ambako wageni hawakupelekwa, ndiko kulikokuwa na mizabibu yenyewe. Ilikuwa na madoa ya ukungu kwenye majani kama mtu mwenye choa. Zabibu zake hazikuiva kwa pamoja. Kwenye kichala kimoja utakuta mbichi za kijani, nyeusi mbili tatu, na zilizooza zinazochuruzika, na nzi wamezifanya msiba wao. Mfanyakazi mmoja aliniambia kwamba mzungu hakuwa akichagua. Zote zilikwenda kukamuliwa, na nzi wake. Nilikwenda nyuma ya ukuta nikatema mate.

Na mapipa je? Kwa kuwa ghala lilikuwa moja tu, mapipa ya mvinyo yalikaa ubavuni mwa madebe ya mafuta ya langilangi. Miaka miwili, mitatu, mlango umefungwa, joto la kule. Mvinyo ukainyonya ile harufu. Juu ya ukwaju uliochacha na kutu, ongeza mafuta ya nywele. Ndiyo hiyo iliyokuwa fahari ya kilima.

Mzungu hakuihisi kabisa. Mtu aliyeishi miaka thelathini ndani ya langilangi pua yake imekwisha kazi. Nadhani hata yeye alilishuku hilo, maana aliniita ghalani akasema, "Wewe hunywi, najua, lakini una pua. Nusa, uniambie upi uende na nini." Nikasimama. Nikajihoji, kunusa ni kunywa? Nikajijibu si kunywa. Nilikuwa hodari sana wa kujijibu siku zile. Nikainamia pipa la kwanza, la pili, la tatu, nimejiziba mdomo kwa ncha ya leso.

Nikampangia. Wa kwanza, uliokuwa mkali wa kukunja uso, niliupa bata wa kukaanga mwenye mafuta mengi, ili mafuta yaufunike ulimi. Wa pili, uliokuwa na uvundo wa nguo iliyosahauliwa majini, niliupa kaa wa nazi na pilipili. Mzungu akapinga, kaa na mvinyo mwekundu haviendani, kwao hakuna mtu afanyaye hivyo. Nikamwambia pilipili itawashughulisha. Akacheka akaandika. Wa tatu, wenye langilangi kuliko yote, niliupa pilau, kwa sababu karafuu na iliki na mdalasini zinaweza kugombana na uturi, na pengine zikashinda. Yeye aliona ninalinganisha. Mimi nilikuwa naficha, kama anayefukiza ubani chumba chenye panya aliyekufa.

Siku yenyewe nilianza alfajiri. Ng'ombe alichinjwa na Mwislamu, nilisimama hapo kwa macho yangu. Bata pia. Vyombo vya mle ndani sikuvigusa, nilipikia vyangu nilivyokuja navyo. Nyama ya pilau niliichemsha ndani ya sufuria la mama, na tangawizi na kitunguu saumu, supu ikatulia rangi ya dhahabu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilinusa kitu cha heshima. Adhuhuri ikaingia. Nikapunguza kuni, nikaenda kutawadha nyuma ya jiko, nikasali. Sikuchelewa.

Niliporudi, mzungu alikuwa amesimama juu ya sufuria, amekumbatia chupa kubwa iliyosukiwa kikapu, anamimina. Ilikuwa inafanya gudu, gudu, gudu. Supu yangu ilikuwa imegeuka rangi ya damu iliyolala, na povu la zambarau linazunguka pembeni, kwenye kalai ya bibi. Akaniona akatabasamu kwa furaha ya kweli, hakuwa mtu mbaya, hilo nalo linaniudhi. Akasema, "Mvinyo wa tatu uwe ndani na nje, vitashikana. Kwetu nyama hupikwa hivi. Usiogope, kilevi huruka kikichemka."

Ninayo mengi ambayo ningeweza kufanya, nimeyapanga kichwani miaka yote hii, yamenyooka kama masahani kabatini. Ningelipindua sufuria hapo hapo. Ningeondoka. Ningempigia kelele kwa Kingazija asichokijua. Lakini magari ya wageni yalikuwa yanasikika yakipanda kilima, na ile nyama ndiyo nyama yote iliyokuwepo, na wageni arobaini, na jina langu ambalo nilikuja kulitafuta. Nikachukua mwiko. Nikakoroga. Nikatia mchele.

Mvuke ulinipiga uso nikajua sitausahau. Karafuu, langilangi, siki, na mafuta ya ng'ombe, vyote kwa pamoja na moto. Nilipika machozi yananitoka, mzungu akadhani ni moshi akaniletea kitambaa chake.

Kabla chakula hakijapakuliwa akaingia jikoni mwanamke mmoja, mke wa afisa. Alikuwa na ushungi wa hariri, Mwislamu wa pwani kama sisi, mtu mzima kunishinda. Alisimama mlangoni akaniangalia leso yangu, akaliangalia sufuria, akashusha pumzi. Akaniambia kwamba njia nzima alikuwa akimwambia mumewe atashinda na njaa kwenye nyumba hii ya ulevi. "Sasa nimekuona wewe, mwanangu, roho yangu imetua. Nyama kachinja nani?"

Nikamwambia, "Kachinja Mwislamu, bibi. Nilisimama mwenyewe."

Hilo ndilo aliloniuliza na hilo ndilo nililomjibu. Nani angeuliza kama pilau ina mvinyo? Akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua. Nilihisi kiganja chake chepesi juu ya leso na nikasema amin.

Wageni walikaa barazani kuyatazama maziwa. Nilikuwa nawaona kupitia dirisha la jiko. Bendera mpya ilikuwa imesimikwa kwenye kona, haijapauka bado. Mzungu alimimina, akaeleza, wakainua bilauri kwenye mwanga kama alivyowaonyesha, wakazungusha, wakanusa, wakanywa. Nikaona uso wa mzee mmoja mwenye suti nyeupe ukikunjamana wote kuelekea puani, kisha ukakunjuliwa kwa nguvu, akasema, "Una maua." Mwenzake akadakia, "Maua, hasa." Ikaenda hivyo meza nzima, maua, maua, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema anakunywa mafuta ya nywele. Mzungu alivishwa kilemba cha ukoka hata shingo ikarefuka. Nilitaka kucheka, lakini mwishoni mwa meza, mbele ya glasi ya maji, yule bibi wa ushungi alikuwa anakula pilau. Alikula kwa mkono, taratibu, kwa adabu. Akaomba sahani ya pili.

Baada ya chakula walinipigia makofi. Waliniita nje nikasimama kwenye mandhari yao, na mtu wa suti nyeupe akasema hajapata kula pilau yenye kina kama ile. Hakumtaja mama. Nilichokitaka nilikipata, na nilikwenda nyuma ya mizabibu nikakitapika, na kwa kuwa sikuwa nimekula kitu, kilitoka maji matupu.

Lile sufuria nililiosha siku mbili. Lilikuwa na mstari wa zambarau pale mvinyo ulipofika. Nikalisugua kwa majivu, mstari ukabaki. Kwa ndimu na chumvi, ukafifia. Nikachukua mchanga wa kijitoni nikasugua kwa kumbi la nazi mpaka kucha zikakatika, na mstari ukaondoka, na kalai ikaondoka nao. Mduara mzima wa shaba nyekundu ukatokeza ndani ya bati jeupe. Ndipo nilipokaa chini. Doa nililitoa. Nilichoacha ni alama ya mtu aliyekuwa anatoa doa.

Mama alilifungua uani, asubuhi, kwenye mwanga. Akapitisha kidole kwenye ule mduara mwekundu, polepole, akazunguka wote mpaka alipoanzia. Akaniuliza, "Ulichemsha nini humu?"

"Ukwaju," nikasema. "Mzungu alitaka mchuzi wa ukwaju. Ukali wake ndio uliokula kalai."

"Ukwaju," mama akasema. Akainama ndani, kichwa kizima, kama anayechungulia kisima. Akakaa humo muda. Mimi ile pua yangu nimeirithi kwake. Alipoinuka hakunitazama, alikunja zile kanga mbili, akaingia nazo ndani, akazifua.

Wiki tatu zikapita mama ananipa salamu, ananipa chakula, ananituma sokoni Tanambao, yote kama kawaida, na mimi nakula nikihisi kila tonge lina uturi. Nilikuwa najua Maulidi yanakuja. Nilikuwa najua wanawake watasimama uani na kuuliza. Mama hakuwahi kusema uongo mbele ya watu. Akijibu, "Li vilevile," ataulisha mtaa mzima kwa uongo wangu. Akijibu, "Si vilevile," wataniangalia mimi, na nani Mahajanga nzima angemchukua mke aliyekoroga mvinyo kwenye sufuria la Maulidi? Kila siku niliamka nikiwa na nia ya kumwambia ukweli. Kila siku nilisema kesho.

Siku ya kuulizwa, asubuhi mapema, nilikwenda kuteka maji bombani. Nilipokaribia nyumbani nilisikia nyundo. Mapigo matatu, yaliyoachana, kisha kimya. Nilidhani jirani anatengeneza banda.

Wakaja alasiri, wanawake kumi na watano hivi, na vicheko vyao na mabeseni yao. Sufuria lilikuwa katikati ya ua, limefudikizwa. Yule mkubwa wao, ambaye alikuwa na sufuria lake kubwa la kisasa na kwa miaka mingi alikuwa akisubiri, akasimama mbele akauliza kwa desturi, "Sufuria li vilevile?"

Mama akasema, "Limetoboka."

Akaligeuza. Kitakoni palikuwa na tundu, ungeweza kupitisha kalamu. Wanawake wakashika vifua, wakasema lahaula, shaba ya zamani hiyo, imechoka, masikini. Wakampa pole kama aliyefiwa. Wakashauriana kidogo, na kwa kuwa mpishi ni mwenye sufuria, upishi ukahamia kwa yule mkubwa, pale pale, hakuna aliyebishana. Mama akamkabidhi mwiko wa bibi kwa mikono miwili. Kesho yake niliwaona nyumba ya tatu kutoka kwetu, moto wa mtu mwingine unawaka, na mama yangu amekaa kwenye mkeka na wasichana, anakata vitunguu.

Nililiangalia lile tundu kwa karibu. Shaba inapochoka hupasuka na kukatika kingo. Lile lilikuwa la mviringo, kingo zimekunjwa kuelekea nje. Chini ya kitanda cha mama nilikuta nyundo ya baba, na msumari mmoja wa inchi nne umepinda kidogo.

Nikatoka nao mkononi mpaka uani. Mama alikuwa ameshatoka kwenye vitunguu, ananawa. Aliuona ule msumari. Nilitaka kusema yote, kilima, chupa, yule bibi wa ushungi aliyeniombea dua, lakini mdomo wangu, ambao siku zote ulikuwa na jibu, ukatoa maneno mengine. Nikamwambia yupo fundi wa Kihindi karibu na soko, anaziba shaba na kutia kalai upya, nitalipeleka mwenyewe, litarudi kama jipya.

Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akauchukua ule msumari kwangu.

"Liache hivyo hivyo," akasema. "Nikiliziba, mwakani wataniuliza tena."